Mpiga Picha wa Harusi Kwenye Mstari wa Mwisho

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu hapa Malindi ambao, tangu yale yaliyonikuta Kilifi, hunitambulisha kwa wageni kama mpiga picha wa michezo, kisha hugeukia pembeni wakacheka. Vijana wa bodaboda wa kona ya studio yangu hawaniiti tena kwa jina. Huniita Tabasamu. "Tabasamu, umeamkaje?" Nami huitika, maana nikinuna ndio kwanza wananogewa.

Mtu asiyenijua akiniona harusini atadhani mimi ndiye ninayeozesha. Shehe ana zamu yake na mchungaji ana zamu yake, lakini nikiinua mkono, bibi harusi husimama, bwana harusi hushusha mabega, na shangazi wenye vigelegele hufunga midomo mpaka niridhike. Maharusi wakiingia ukumbini vibaya nawarudisha. "Rudini mlangoni, muingie tena, na safari hii polepole." Nao hurudi. Keki hukatwa mara mbili. Kuna baba mmoja alilia akimkabidhi bintiye, na mimi wakati huo nilikuwa nabadilisha betri. Nilimwomba alie tena. Alilia, na mara ya pili alilia vizuri zaidi.

Tena mimi hupiga nyuso. Nimepiga picha za paspoti na vitambulisho kwa miaka mingi katika kile chumba changu chenye pazia la samawati, na jicho langu limezoea kuanzia utosini na kuishia kwenye kifungo cha pili cha shati. Hata harusini, mtu akitaka viatu vyake vionekane lazima anikumbushe. Miguu ni ya fundi viatu, nilikuwa nikisema, na watu wakicheka nilidhani wananisifu.

Basi, nje ya studio yangu, upande wa barabara inayoshuka mtaa wa Kisumu Ndogo, kuna mama mmoja anayeuza viazi karai na mihogo. Ni jirani yangu wa biashara. Moshi wake huingia kwangu na wateja wangu hukaa kwenye benchi lake, na tumegombana juu ya mambo hayo mawili kiasi kwamba tumekuwa ndugu. Yeye huniita kaka, na bintiye, kwa hiyo, huniita mjomba. Binti huyu ndiye aliyekuwa anakimbia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, akifua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni, na kabla ya kuingia kazini alikuwa anakimbia mchangani, viatu mkononi, kwa sababu viatu alikuwa navyo jozi moja na hakutaka chumvi ivile.

Mamake alizipinga mbio hizo kwa muda mrefu. Alisema mwanamke anayekimbia pasipo kufukuzwa ana lake. Kisha zikaja habari kwamba katika mbio za Kilifi za mwaka ule atakuwepo mkufunzi kutoka milimani huko bara, na kwamba wasichana watatu wa kwanza waliozaliwa pwani atawachukua kambini. Huko watalala, watakula, watavishwa viatu na kufundishwa msimu mzima, na kazi yao itakuwa moja tu, kukimbia. Wanawake wa bara waliozoea kushinda mbio zile hilo halikuwahusu, wao wana makambi yao. Ni watatu wetu. Tangu siku hiyo yule mama hakuwa na hadithi nyingine. Ukinunua kiazi, unapewa na kambi. Binti mwenyewe hakusema mengi, lakini siku moja alileta picha ya kitambulisho nimtolee nakala, nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ya kambi, mjomba. Nisije nikachelewa." Mbio zilikuwa bado wiki kadhaa.

Na mimi niliingiaje? Mwenyekiti wa kamati ya mbio alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mtu wa bara aliyehamia Kilifi zamani na kuzeekea huko. Nilimpigia picha za harusi ya binti yake, naye akaziona kuwa picha za mtu anayejua kazi. Akanipigia simu akaniuliza kama naweza kupiga watu wakifika mwisho wa mbio. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa harusi nzima. Nikaenda nikanunua fulana ya wapiga picha, ile yenye mifuko mingi kifuani. Ilinibana tumboni. Mifuko sikuwa na cha kutia, nikatia karanga.

Mama wa viazi alipopata habari alifurahi kuliko mimi. "Kaka, wapige wote," aliniambia, "lakini wangu usimwache. Nataka nimuone anafika. Mimi siwezi kwenda, moyo wangu hautaweza." Nikamwahidi. Nikamwambia uso wa bintiye nitautoa mpaka jirani walie.

Tulitoka Malindi alfajiri kwa gari langu, mimi na binti, yeye nyuma akiwa amejilaza na miguu juu ya kiti. Kilifi tulimkuta mwalimu amekwisha kufika na filimbi shingoni, akipiga kelele watu wasogeze meza. Mbio zilianzia mjini, zikaelekea upande wa Tezo, zikarudi, zikavuka daraja na kuishia upande wa pili, Mnarani, ambako walikuwa wamechora mstari mweupe wa chokaa juu ya lami na kufunga utepe. Hapakuwa na mitambo. Palikuwa na waamuzi wawili, mmoja kila upande wa mstari, na msichana wa kugawa kadi za namba kwa wanaofika, kama zifanywavyo mbio za shule.

Mwalimu alinishika mkono akanipeleka hadi penye ule mstari, akanisimamisha kando yake kabisa. "Utakaa hapa," akasema. "Upige kwa ubavu. Mimi nataka mstari uonekane, na miguu ionekane. Kukitokea ubishi, wewe ndiye shahidi wangu. Umenielewa?"

"Hakuna neno, mwalimu."

Nikasimama pale kidogo nikajaribu. Kwa ubavu nilipata sikio. Nikajaribu tena nikapata sikio na kwapa. Nani atatundika kwapa sebuleni? Mwalimu alipogeuka kwenda kufokea watu wa maji, mimi nikahama. Nilikwenda mbele, hatua chache kupita mstari, katikati ya barabara, mahali ambapo nyuso zote zingenijia moja kwa moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikuwa nimekuja kukimbia, kwa hiyo sikuona guu langu linahusika vipi.

Wa kwanza kufika alikuwa mwanamume wa bara, mwembamba, na alifika kabla sijawa tayari. Hilo ni jambo ambalo harusini haliwezekani. Bibi harusi hukawia, hukawia hata ukala ukashiba. Mtu huyu nilimsikia kwa makofi, nikainua kamera, naye akawa amekwisha kupita. Nikatazama nilichopata. Nilikuwa nimepata kiwiko, na nyuma ya kiwiko, safi kabisa, nukta kwa nukta, uso wa muuza madafu.

Wa pili nilimpata, ila alikuwa amefumba macho. Sasa mimi, bwana, kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikamwendea akiwa ameinama mikono magotini anahema, nikamwambia kwa adabu, "Samahani kaka, rudi kidogo kule nyuma, halafu upite tena. Polepole." Yule mtu aliinua kichwa akanitazama. Amekimbia kilomita arobaini na mbili kwenye jua la Kilifi na unyevu wake. Hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akamuuliza mtu aliyekuwa karibu kama mimi ni mzima. Muuza madafu alisikia, na ndiye aliyeanza kuwasimulia watu.

Lakini kazi huzoeleka. Baadaye wale mashujaa wakaanza kuchanganyika na watu wa mbio fupi, wale wanaokimbia kwa ajili ya afya: makarani, walimu, mabwana wenye vitambi kama changu, kina mama waliovaa fulana moja ya chama chao. Hawa walikuwa wanakuja polepole, nami nikagundua kitu. Nikipaza sauti, "Tabasamu!" wanatabasamu. Wanainua mikono, wanatengeneza lemba, na mmoja hata alisimama kabisa juu ya mstari akaweka mkono kiunoni. Nikapata raha. Nikarudi kuwa mfalme. "Kidevu juu! Wewe mwenye kofia, iinue kofia! Tabasamu!" Watu pembezoni wakacheka, nikadhani wanafurahia kazi. Picha zikawa nzuri mno. Mwalimu alipiga filimbi upande wangu mara moja au mbili na kunionyesha mstari kwa kidole, nami nikampungia mkono.

Wanawake wa bara walikwisha kuingia. Msichana wa kwanza wa pwani akaingia, watu wakamshangilia. Wa pili akaingia. Kisha pakawa na utupu, na kila mtu pale, hata wale wasiojua mbio, alijua kwamba imebaki nafasi moja ya kambi. Mkufunzi mwenyewe, mzee mtulivu aliyevaa koti la baridi katika joto lile, aliinuka kitini.

Nikamwona akitokea upande wa daraja. Nilimjua kwa jinsi anavyobeba mabega, juu kidogo, kama mtu anayebeba ndoo. Alikuwa mbele. Nyuma yake, si mbali, alikuja msichana mmoja wa Mariakani, mrefu, mdomo wazi, lakini binti yetu alikuwa mbele na barabara ilikuwa imebaki fupi. Sikuwa nimejua mpaka wakati ule jinsi nilivyolitaka jambo hili. Nililitaka kwa ajili yake na kwa ajili ya mamake, na, nisiseme uongo, kwa ajili ya picha. Nilimweka katikati ya lenzi. Uso wake ulikuwa umekunjamana, macho chini kwenye lami, meno yameumana. Uso kama ule mamake angeuona angelia kwa huruma. Nami nilikuwa nimemwahidi picha.

Nikamwita. Sikuita "wewe" wala "dada." Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo mamake humwita nalo mafuta yakishika moto.

Sasa huyu ni mtoto aliyelelewa. Kwetu mkubwa akikuita unamgeukia, uitike, umtazame. Kumwitikia mtu mzima kwa kisogo ni utovu wa adabu, na mama wa viazi hakulea mtovu. Binti aliinua kichwa, akanitafuta kwa macho, na kwa pumzi ile kidogo aliyokuwa nayo akaitika, "Abee!"

"Tabasamu, mwanangu!"

Akatabasamu.

Nilibonyeza na kuendelea kubonyeza. Kwenye lenzi niliona uso tu, uso mzuri ajabu, jasho linang'aa, na ninaapa nilifurahi. Kisha nikasikia watu wakipiga ukelele, wasichana wawili wakapita mmoja kushoto kwangu na mmoja kulia, wakamwangukia msichana wa kadi, na wote watatu wakaenda chini. Kadi zikatawanyika barabarani kama karata. Upepo wa daraja ukazichukua.

Mwamuzi wa kushoto alisema ni wa Malindi. Mwamuzi wa kulia alisema ni wa Mariakani. Kila mmoja alimwona yule aliyepita upande wake. Wasichana wenyewe walikuwa wamelala chini ya hema wakimwagiwa maji, hawasemi kitu. Watu wa Mariakani wakaanza kupandisha sauti, na sisi wa Malindi, ambao tulikuwa wachache, tukapandisha zaidi. Ndipo mwalimu akapiga filimbi, akanyoosha mkono kunielekeza mimi, akasema kwa fahari, "Tulieni. Tuna shahidi. Tuna picha."

Sijui kama umewahi kukumbuka jambo huku watu wote wanakutazama. Nilikumbuka pale mahali nilipoambiwa nisimame.

Walileta kompyuta wakaiweka mezani chini ya hema. Picha zikaanza kupita kubwa kubwa. Nyuso. Uso wa karani, uso wa mwalimu wa chekechea, uso wa bwana mwenye kofia iliyoinuliwa. Wote wanatabasamu. "Mstari uko wapi?" aliuliza mwalimu. Nikasema tuendelee mbele kidogo. Tukaendelea. Nyuso. Hakuna mguu hata mmoja, hakuna mstari hata nusu, hakuna hata chokaa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hizi ni za kitambulisho?" na watu wakaangua kicheko, lakini mwalimu hakucheka. "Nilikwambia nini asubuhi?" aliniuliza, taratibu, na mimi mtu mzima wa kitambi na ndevu nikatazama chini kama mtoto aliyevunja sahani.

Mkufunzi ndiye aliyesema tuangalie za wale wasichana wawili hata hivyo. Zilikuwa tatu, mfululizo. Katika ya kwanza binti yetu anatazama chini, uso umekunjamana, na nyuma ya bega lake, kwa ukungu, ni yule wa Mariakani. Katika ya pili ananitazama mimi na anatabasamu. Nimepiga picha miaka yote hii na sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Hata pale mezani, kwenye aibu ile, mtu mmoja alisema, "Mashallah." Katika ya tatu tabasamu bado liko mdomoni lakini macho yamehama. Yanatazama pembeni, mbele kidogo, na ukingoni mwa picha kuna kipande cha bega la mtu.

Mkufunzi alirudi nyuma na kwenda mbele katika zile tatu. "Hapa anaangalia nani?" aliuliza.

Binti mwenyewe alikuwa ameinuka, amejifunga leso mabegani, amekuja kusimama nyuma yetu bila sisi kumsikia. Alijitazama kwenye kompyuta muda mrefu. Nilitamani afumbe macho, nilitamani umeme ukatike, nilitamani aseme hajui. Mtu akikimbia vile ana haki ya kutojua. Waamuzi wawili hawakujua.

"Alinipita," akasema.

"Una hakika?" mwalimu aliuliza.

"Naam, mwalimu. Hapo ndipo aliponipita. Nilimwona."

Watu wa Mariakani walipiga vigelegele, kisha wakaacha, kwa sababu msichana wao hakuvipokea. Alikuwa anamtazama mwenzake.

Ndipo mimi nilipopata sauti. Sikuwa nimeipata pale ilipotakiwa, lakini sasa niliipata yote. Nikasema kosa ni langu. Nikasema nimemwita, kila mtu amesikia, hata muuza madafu amesikia, mtoto alikuwa anashinda mimi nikamwita. Mwalimu alikunja uso akasema kuna kanuni. Mkimbiaji akizuiwa njiani na mtu wa nje, kamati inaweza kumrudishia haki yake, na kambi ikachukua wanne. Alimtazama mkufunzi. Mkufunzi akatikisa kichwa, ndiyo, kitanda kimoja hakitakosekana. "Lakini lazima mkimbiaji mwenyewe aseme," mwalimu alisema, akamgeukia binti. "Haya, sema. Huyu mpiga picha alikuzuia?"

Neno moja tu. Ningempa mimi neno hilo kama lingetoka kinywani mwangu likaingia chake. Nilimkonyeza. Nilimtikisia kichwa, ndiyo, sema ndiyo. Binti akanitazama, na akaona mbele yake mjomba wake wa studio, fulana imembana, karanga zinamwagika mfukoni, anashitakiwa mbele ya watu wa miji miwili.

"Hapana," akasema. "Hakunizuia. Aliniita, nami nikaitika."

"Nilimzuia!" nilipiga kelele. "Mwalimu, andika, nilimzuia!"

"Wewe," mwalimu akasema, "si ndiye uliyeniambia asubuhi kwamba ni mtoto wa jirani yako?"

Basi ushahidi wangu haukupokewa, wa picha wala wa mdomo. Msichana wa Mariakani alichukuliwa, kwa haki yake, na nisingependa mtu aseme vinginevyo, maana alikimbia na macho yake mbele.

Tulirudi Malindi mchana. Tulipopita Matsangoni nikashindwa kujizuia. "Kwa nini hukusema nilikuzuia?" nikamuuliza. "Neno moja tu, mwanangu."

Alikuwa ameegemea kioo. "Ningesemaje, mjomba? Hata kunigusa hukunigusa." Akaikaza leso mabegani. "Na wewe mbele za watu wote wale."

Niliendesha gari macho yamenijaa maji, na lori lililokuwa nyuma yangu likanipigia honi kwa mwendo wangu ule wa kusindikiza maiti.

Mama wa viazi alitusubiri na karai limezimwa, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue. Binti alimpa mkono, akasema, "Sikuchukuliwa, mama," akaingia ndani kulala. Niliyebaki ni mimi. Nikaeleza. Sikuficha kitu, maana muuza madafu ana simu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza. Alinisema kwa Kiswahili akanisema kwa Kigiriama, na nilipodhani amemaliza alikuwa anavuta pumzi tu. "Mwanangu anakimbia, wewe unamwita! Kwani alikuwa anakwenda wapi, kaka? Hakuwa anakuja kwako?" Hilo ndilo swali lililoniumiza, kwa sababu ni kweli, alikuwa anakuja kwangu. Ningenyamaza tu angefika.

Ile picha ya pili niliisafisha, nikaitia fremu, nikampelekea mamake. Aliitazama, akaifunika kwa aproni yake, akanirudishia. "Ni nzuri," akasema. "Kaa nayo wewe." Hajawahi kunisamehe kwa maneno. Lakini wiki iliyofuata alinipa kiazi bila kuombwa, na pilipili zaidi ya kawaida, nikakila chote huku machozi yananitoka, na sikujua kama nimesamehewa au ndiyo adhabu.

Kilichonisumbua si hayo. Kilichonisumbua ni kwamba binti aliacha kukimbia. Alikwenda hotelini asubuhi kwa miguu, polepole, kama watu wengine, akarudi jioni mikono imekunjamana kwa sabuni. Nikimuuliza ananiambia amechoka, ataanza wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, na nyingine. Nilijaribu kumfanyia mzaha kidogo, ule wangu wa harusini, akacheka kwa adabu, na adabu yake sasa ilikuwa inanichoma. Niliona kwamba si kambi tu niliyomkosesha. Nikawa siwezi kumwambia mtu "tabasamu" hata ndani ya studio. Watu wa paspoti walishukuru, maana picha za paspoti hazitaki tabasamu, lakini maharusi walilalamika.

Kisha, juzi, baada ya miezi, nilikuwa nafungua studio mapema kwa ajili ya familia moja iliyokuwa na safari. Barabara ilikuwa tupu. Nikasikia hatua zinakuja kutoka upande wa ufuoni, nyepesi, za mtu anayekimbia, na sikugeuka mara moja kwa sababu niliogopa atakuwa mtu mwingine. Alikuwa yeye. Mabega juu kidogo, viatu miguuni, macho mbele. Alipofika usawa wa mlango wangu alisema, "Shikamoo, mjomba," kwa sauti safi, bila kupunguza mwendo na bila kugeuza kichwa hata kidogo.

Nikaitikia marahaba kwa sauti ya chini kabisa, nisije nikamgeuza.